Kaka Alipoingia Kwenye Televisheni

Nianze kwa kusema wazi: mimi ni mpenzi wa mashindano ya televisheni, na sioni haya. Wako wanaopenda michezo ya kuigiza, wako wanaopenda mieleka, na wako wanaojifanya eti wao huangalia taarifa ya habari tu. Mimi nipe mtu aliyesimama nyuma ya meza, jasho linamtoka, ameulizwa swali na saa inakwenda, halafu niache hapo. Chai itapoa, wali utaungua, na anayebisha hodi atangoja.

Ugonjwa huu niliupata Malindi, miaka ya themanini, nyumbani kwa ami yangu, ndugu yake baba, ambaye nyumba yake na yetu ziligawana ua mmoja. Ami alifanya kazi Uarabuni miaka mingi, na aliporudi alikuja na televisheni. Haikuwa ya rangi. Lakini madukani kulikuwa na plastiki za kubandika kwenye kioo, juu buluu, katikati nyekundu, chini kijani, na ami akanunua moja akaibandika kwa mikono yake. Kuanzia siku hiyo tulikuwa na televisheni ya rangi, na ole wake aliyesema vinginevyo. Msomaji wa habari alikuwa na nywele za buluu na tai ya kijani. Ng'ombe wa vipindi vya ukulima walikuwa na pembe za buluu na miguu ya kijani, na bibi yangu akashikilia kwamba ng'ombe wa bara ndivyo walivyo.

Antena ilifungwa juu ya boriti refu lililosimamishwa uani. Upepo ukivuma picha ilikuwa chenga tupu, na mtu alilazimika kwenda kulizungusha boriti huku sisi tukipiga kelele kutoka ndani. "Geuza! Bado! Hapo hapo! Ah, umepita!" Ukweli ni kwamba watu wa mtaa wetu walijua saa ya kipindi kuanza kwa kusikia kelele hizo, na wanawake wakaanza kutokea mmoja mmoja, buibui zao mabegani, wakisema wamekuja kumjulia hali bibi.

Wanaume na wanawake hawakuangalia pamoja. Mpira na mieleka vilikuwa vya wanaume. Usiku wa mashindano ulikuwa wetu, na sheria hiyo aliitunga ami mwenyewe, baada ya kuona tunachungulia kwa wingi hata pazia likabaki linaning'inia kwa msumari mmoja. Usiku wetu ulipofika, wanaume walikaa nje barazani na kahawa yao, wakisikiliza kilichopenya dirishani. Walijidai hawajali. Lakini jibu likikosewa, tuliwasikia wakiguna.

Sasa maoni yangu, na sikuombi uyakubali. Mashindano yalikuwa ya namna mbili. Yalikuwako ya makasha: mtu anachagua kasha, linafunguliwa, ndani anakuta redio, au pasi, au kiazi kimoja. Shoga zangu waliyapenda sana haya. Mimi niliyadharau na bado nayadharau. Mtu hakufanya lolote, kanyoosha kidole tu, kapewa redio. Cha kumpigia makofi ni nini? Bibi alisema ni kamari hiyo, haramu, na kila kasha lilipokaribia kufunguliwa aliigeuzia televisheni mgongo. Likishafunguliwa aligeuka upesi kuuliza kapata nini.

Ya pili ndiyo yangu: mashindano ya maswali. Watu wawili, maswali mtindo mmoja, na bwana mwendeshaji katikati mwenye koti la mabega mapana na tabasamu la mtu anayekuuzia kitu. Sikumpenda bwana yule. Alikuwa na tabia ya kulirudia jibu baya polepole, kwa upole, mpaka aliyekosea akaanza kutumaini. Huo ni uonevu. Nilimlaani kila wiki na sikukosa wiki hata moja. Katikati ya kipindi walileta wanamuziki, nywele zimetiwa mafuta mpaka zinachuruzika kwenye kola, na wao niliwahesabu kuwa wezi wa wakati. Matangazo ya sabuni angalau yalikuwa mafupi, na bibi aliyajua yote kwa moyo akayaimba akichambua mchele.

Kuhusu washindani, nilijifunza kuwasoma. Anayeomba swali lirudiwe hajui, anatafuta nafasi. Anayejibu kabla swali halijaisha ataanguka, mpe muda tu. Mshindani mzuri ni yule anayejibu kana kwamba ameulizwa njia ya kwenda kwao: hana haraka, hana mashaka. Na mtu wa namna hiyo nilimjua mmoja tu duniani, naye alikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kilifi, na mwisho wa wiki alikuja Malindi. Alikuwa na kiu ya kusoma isiyo na mfano. Nyama ikiletwa imefungwa kwenye gazeti, haikuingia chunguni mpaka alisome gazeti, damu yote ile. Nilipotoka nikakaa naye uani, chini ya dirisha la ukumbi, aliyajibu maswali yote ya kipindi kwa sauti ya chini, akimenya machungwa, kabla hata washindani hawajafungua midomo. Darasani pia, wanafunzi wake walisema, alikuwa mzungumzaji. Lakini mweke mbele ya watu wazima, hasa akina mama, ulimi ulimganda. Aliangalia viatu vyake mpaka akaachwa aende.

Na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kaka alimpenda shoga yangu, niliyesoma naye, aliyekaa kichochoro cha pili kutoka kwetu. Naye alimpenda. Najua, kwa sababu salamu zao zote zilipita kwangu. Wazee wetu wakaenda kuposa. Baba wa binti akasema yeye hana neno, mwenye binti ni mamake. Mama yule alikuwa mwanamke wa haiba, mnene, mrembo, na kwenye arusi za Malindi mpaka Mambrui hakuna aliyemshinda kwa maneno. Alikuwa amekutana na kaka njiani akamuuliza habari za afya, za kazi na za mama yetu, na zote tatu kaka alivijibia viatu vyake. Basi jibu la posa likaja, na mtaa mzima ukalisikia.

"Binti yangu simpi bubu," alisema. "Nyumba iwe kimya kama msikiti wa saa nne asubuhi? La, wallahi. Ataniulia mwanangu kwa upweke."

Mbaya zaidi, kulikuwa na mposaji mwingine, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye maneno matamu kama halua, naye aliahidiwa jibu kabla ya mfungo. Mfungo ulikuwa mlangoni. Nilimwendea shoga yangu kwao, akalia kwenye mapaja yangu mpaka kanga ikalowa. Kaka hakulia. Alimenya machungwa tu, moja baada ya jingine, bila kuyala.

Mimi ndiye niliyemwambia aende kwenye mashindano. Nilimwambia, "Kaka, kule hakuna mama mkwe. Kuna maswali tu. Maswali unayaogopa?" Akanitazama. Akasema maswali hayaogopi. Akaomba, akakubaliwa, akapanda basi kwenda Nairobi kwenye kurekodiwa kwa kipindi, na mimi wiki hiyo sikupata usingizi kwa furaha na kiherehere. Mtu wa nyumba yetu! Ndani ya televisheni!

Akarudi. Asiseme neno. Eti washindani waliombwa wasitoe siri mpaka kipindi kionyeshwe, na yeye alitoa ahadi. Nilimbembeleza. Nilimpikia mkate wa sinia, ukaumuka vizuri kuliko siku zote, akala nusu yake, akasema "Mashallah," akanyamaza. Mama akajaribu kwa machozi, bibi akajaribu kwa vitisho. Wapi! Kama kweli alikuwa bubu, basi ni siku zile.

Usiku wa kipindi mama yangu aliwaalika wanawake wote wa mtaa, na kwa ujasiri ambao sikuujua kwake, akamwalika na mama wa binti. Naye akaja. Binti mwenyewe alibaki kwao, maana msichana anayeposwa haendi nyumbani kwa mposaji. Lakini mama alikuja, akakaa kiti cha mbele, uso umeandikwa kwamba yeye kaja kuangalia televisheni tu. Mama yangu akamfanyia heshima zote. Akamfukizia udi, akamrashia marashi ya waridi kwa ule mrashi wetu wa fedha wenye shingo ndefu, kisha mrashi akauacha kwenye kigoda pembeni yake, kama anavyofanyiwa mgeni mkubwa. Nje, ami alishika boriti mwenyewe, hakumwamini mtu. Kaka alikaa barazani na wanaume. Hakutaka hata kukaribia dirisha.

Muziki wa kipindi ukaanza. Akatokea! Nywele buluu, uso mwekundu, shati kijani, kaka yangu wa tumbo moja! Tulipiga ukelele ambao ulitupotezea swali la kwanza lote. Nilimwona tu akifungua mdomo, na bwana wa tabasamu akisema ni sawasawa. Mpinzani wake alikuwa bwana mmoja wa Nakuru mwenye miwani, na niliposikia akiomba swali lirudiwe, roho yangu ikatulia.

"Ni sayari gani yenye pete zinazojulikana sana?"

"Zohali," akasema kaka, kana kwamba ameulizwa njia ya kwenda kwao.

Sauti yake ilikuwa nzito na safi. Wanawake wa mtaa, waliomjua tangu akitambaa, walikuwa hawajapata kuisikia sawasawa. Mama wa binti alikuwa na kipande cha halua mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Huyu ndiye?" akamuuliza mama yangu.

"Ndiye."

"Yule yule wa kutizama viatu?"

"Yule yule, dada."

Akajibu la mito, akajibu la moyo wa binadamu, akakosea la mpira, akajibu la mwezi kupatwa. Wanamuziki wakaja na mafuta yao wakatuchelewesha. Maswali yaliporudi, mwendeshaji akataka kufanya mzaha, kama ilivyo tabia yake. Akasema Malindi ni mbali mno, bila shaka mwalimu amefika hoi. Nilishika roho. Huo haukuwa swali, ulikuwa mazungumzo, na kaka na mazungumzo ni mbali na mbali.

"Safari haikunichosha," kaka akasema. "Kinachonichosha ni kungoja maswali yako."

Na akatabasamu! Nyumba ililipuka. Tulipigana makofi ya mgongo, kahawa ikamwagika, barazani wanaume wakacheka mpaka wakakohoa. Mama wa binti akapiga paja.

"Kumbe yuwanena!" akasema. "Mama we! Kumbe kijana yuwanena, na mzaha yuwaujua!"

Kuanzia hapo alikuwa wetu. Alinyamazisha waliopiga soga. Bwana wa Nakuru alipojibu sawa alimsonya. Kaka alipojibu sawa aligeuka kututazama sote, kana kwamba jibu amelitoa yeye. Ikafika wako sawa kwa sawa, limebaki swali moja, la mwisho, la kuamua. Mwendeshaji akanyanyua kile kikaratasi chake. Kamera ikamsogelea kaka mpaka uso wake ukajaa kioo kizima, na mama wa binti, naapa hakujua anafanya nini, akasimama.

Alikuwa mwanamke mnene, nimeshasema. Akaiziba televisheni yote.

"Shikamoo mama," nililia kutoka nyuma, "tafadhali mama, hatuoni!"

Hakunisikia. "Mashallah," alikuwa akisema, "mashallah, jicho lisimpate, mashallah," na mkono ukaenda kwenye kigoda, ukashika mrashi, akamrashia kaka yangu usoni. Si kidogo. Alimrashia kama wanavyorashiwa watu wakubwa, kulia na kushoto na utosini, na marashi yakateremka kwenye ile plastiki ya rangi, na mengine yakaingia juu, kwenye vile vitundu vya kutolea joto. Televisheni ikafanya tuk. Kaka akawa kidoa cha mwanga, halafu giza. Ukumbi ukanuka waridi na waya ulioungua.

Televisheni ilipona, niseme hapa hapa ili msiwe na wasiwasi. Fundi wa redio aliikausha ikarudi, ila tangu siku hiyo watu wote walionekana wafupi. Lakini wakati ule hatukujua kama itapona, na mimi nilipiga yowe. Na ukweli wangu ni huu: sikumlilia kaka, wala shoga yangu, wala mali ya ami. Nililia kwa sababu sikulisikia swali la mwisho.

Aliyekuwa na akili usiku ule ni bibi. Alimtazama mwanamke yule aliyesimama na mrashi mkononi, kisha akapiga kigelegele. Kirefu, chembamba, cha arusi.

Kwa mtaa wetu desturi ilijulikana. Bwana arusi anapopokewa, wa kwanza kumrashia ni mama wa mke, tena kwa kusimama, mbele ya wanawake, ili wawe mashahidi. Na mashahidi tulikuwa ukumbi mzima.

Mama wa binti akageuka. Nikaona akielewa.

"Nimeirashia televisheni mimi!" akasema.

"Televisheni haina uso, mwanangu," bibi akamjibu. "Uso ulioupa marashi ni wa nani?"

Mama yangu alishika sinia kwa mikono miwili na vikombe vilikuwa vikigongana. Yule mama akatazama mrashi, akatazama kioo cheusi na matone yake, na mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akajishika ukutani.

"Haya," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini naaje anene na mimi, mwenyewe, hapa. Si ndani ya kasha."

Vigelegele vilivyofuata nadhani vilisikika Mambrui. Mimi niliruka miguu ya watu nikatoka mbio kumwita kaka. Barazani hayupo. Ami, bado ameshikilia boriti kule uani, alikuwa akipiga kelele, "Niache hapa? Picha yaonekana?" Mzee mmoja akaninyooshea kidole kichochoroni. Kaka alikuwa anaondoka.

Nilimfikia kwenye pembe ya ukuta. Uso wake ulikuwa umekufa. Hapo ndipo nilipofahamu: kipindi chote alikuwa amekipiga hesabu kichwani akiwa pale nje, swali kwa swali. Alijua nini kinakuja lini. Na vigelegele vilipopanda, kwa hesabu yake, ilikuwa ndiyo saa ya jibu lake la mwisho.

"Nilikosea," akaniambia. "Mji mkuu wa Australia. Nilisema Sydney. Na nyinyi mwanipigia vigelegele. Nimewakosea nini?"

Kanbera! Nilitaka kumpiga. Badala yake nilimshika mkono wa shati nikamweleza, maneno yananitoka yakigongana: televisheni, marashi, bibi, mashahidi, na kwamba sasa hivi anangojwa mlangoni aseme na mama mkwe. Nikaona rangi ikimtoka upya. Nikamvuta. Alikuja kama mtu anayevutwa na mawimbi, lakini alikuja.

Akasimama kizingitini. Wanawake wakavuta buibui zao vichwani. Kukawa kimya, kimya kile kile alichokiogopa maisha yake yote, na mbele yake mama wa binti amekaa amekunja mikono.

"Haya mwanangu, sisi hatukuona mwisho," akamwambia. "Ulishinda?"

Kaka akatazama viatu vyake. Nilifumba macho. Nilisema moyoni, basi, yamekwisha, tumerudi pale pale.

"La, mama," nikasikia ile sauti nzito. Nikafumbua macho. Alikuwa ameinua kichwa, anamtazama usoni. "Nilishindwa. Swali la mwisho sikulijua. Na maneno mengi sinayo, sitakudanganya. Lakini mwanao akiniuliza neno, nitamjibu, kila siku, mpaka nife."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama yule alifunika uso kwa ncha ya buibui, na aliposema, sauti yake ya arusini haikuwapo kabisa.

"Mpisheni aingie," akatuambia. "Mbona mwamsimamisha mlangoni mkwe wangu?"